Mguu Mwingine

Juzi usiku, vyombo vikiwa bado mezani, binti yangu aliniuliza golikipa anayetaka kupoteza muda alale upande gani. Hakuuliza kama jambo lenyewe ni halali. Hilo walikwishalimaliza na mwalimu wake wa michezo, ambaye ameagiza kwamba wakiwa wanaongoza kwa bao moja na dakika zikiwa chache, yeye ndiye atakayeumia. Kwangu alitaka ufundi tu, kwa kuwa anajua niliwahi kubeba maji ya timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo kimoja huko Marekani, na kwa hesabu zake mtu wa kazi hiyo lazima amewaona wengi wakilala.

Nimewaona. Mmoja wao nilimsaidia.

Ilikuwa Oktoba 2012, Ohio, katika chuo kidogo cha daraja lile ambalo wachezaji hawapewi ufadhili kwa ajili ya michezo, wala hakuna anayetarajia kuonekana kwenye televisheni. Viza ya mwanafunzi iliniruhusu kufanya kazi chuoni kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki, nami saa zangu nilizimalizia kujaza chupa, kukunja bandeji, na kukimbia uwanjani nyuma ya mtabibu mkuu wa timu, mama mmoja wa makamo ambaye magoti yake mwenyewe yalikuwa mabovu kuliko ya wengi aliowatibu.

Kwa sisi tuliolelewa na soka, kujiangusha ni hila ya anayeongoza, anayetaka saa iende. Katika mpira wa Kimarekani mambo ni kinyume, kwa sababu anayejiangusha ni mlinzi aliyeishiwa pumzi, naye anataka saa isimame. Miaka ile timu nyingi zilikuwa zikiiga mwendo wa timu ya chuo cha Oregon ya kocha Chip Kelly: wakishaangushwa wanajipanga upya papo hapo, ingawa sheria inawapa sekunde 40 kabla ya kuanza tena, na hawabadilishi mchezaji hata mmoja, kwa kuwa wasipobadilisha wao, walinzi nao hawasubiriwi wabadilishe. Kila timu ina haki ya kusimamisha mchezo mara tatu tu katika kila kipindi, lakini majeruhi hawakuwa na idadi. Mwaka 2010 chuo cha California kilimsimamisha kocha wake msaidizi kwa mchezo mmoja, kwa sababu alimwagiza mchezaji ajifanye ameumia walipocheza na Oregon hiyohiyo. Oregon, ambayo msimu ule ilifunga pointi nyingi kuliko timu yoyote, siku hiyo ilishinda kwa 15 dhidi ya 13 tu. Hila ilikuwa ya aibu, lakini haikuwa ya kijinga.

Sisi, siku ile ya Ohio, tulikuwa robo ya nne, ya mwisho. Wapinzani walikuwa wametukimbiza bila kupumua tangu nusu yetu ya uwanja, walinzi wetu wameshika viuno, na mmoja wao, beki mwembamba mchangamfu niliyesoma naye somo la takwimu, alikuwa anarudi mahali pake akitembea vizuri kabisa. Nilimwona akitazama benchi. Nilimwona pia kocha mmoja msaidizi akilishusha taulo kutoka begani. Kijana akapiga hatua mbili zaidi, kisha akaenda chini kama nguo iliyodondoka kwenye kamba.

Tulikimbia. Mama alipiga magoti kwa shida na kumuuliza ni wapi, naye akashika kigimbi cha mguu wa kulia akisema kwamba msuli umekaza. Niliambiwa niuinue mguu, nikauinua. Msuli uliokaza kweli huwa mgumu kama nazi, na huwezi kuugusa bila mwenyewe kuruka. Huu ulikuwa laini mkononi mwangu kama unga wa maandazi uliolala usiku kucha. Mama naye aliugusa. Alinitazama mara moja, kisha akaendelea na kazi yake bila kupunguza chochote: akaukunja wayo taratibu, akauliza, akasubiri jibu, akaukunja tena.

Uwanja ulikuwa kimya. Nilipoinua kichwa niliona kwamba wachezaji wote, wetu na wao, walikuwa wamepiga goti moja, kama ilivyo desturi kule mchezaji anapoumia. Karibu yangu, labda yadi tano, palikuwa na jitu moja la safu yao ya mbele, helmeti ameiweka chini, nywele zimelowa, macho ameyafumba, na midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anamwombea. Nami nimeshika mguu mzima wa mtu mzima wa afya.

Kijana hakuyaona hayo, maana alikuwa anatazama angani. Alininong'oneza, "Inatosha?"

Sikumjibu. Mama ndiye aliyesema sasa tumnyanyue. Tukampitishia mikono mabegani, na aliposimama watu wa pande zote mbili walipiga makofi, makofi ya dhati ya watu waliofurahi kwamba mtoto wa mwenzao amesimama. Tukaanza kutembea. Hatua ya nne au ya tano nikagundua kwamba anachechemea mguu wa kushoto.

Hapo ndipo ninaporudi kila mara. Ningeweza kunyamaza, akaumbuka mbele ya watu wake. Sikunyamaza, wala sikufikiri. Nilimwegemea sikioni nikamwambia, "Mguu mwingine," naye akabadilisha bila kukosa hatua, na nikaona fahari ndogo, ile ya fundi aliyeona kasoro kabla ya mteja.

Wapinzani walifunga muda mfupi baadaye, kwa hiyo siwezi hata kudai kwamba uongo ule ulitulipa. Jioni, tukiosha chupa, nilimuuliza mama kwa nini alimtibu kwa makini vile mtu asiyeumwa. Alisema kwamba siku atakapoanza kuchagua nani wa kumwamini ndiyo siku atakayopaswa kuacha kazi. Kuhusu nilichomnong'oneza kijana hakusema lolote, na sijui kama alisikia.

Kitabu cha sheria za mchezo ule kimeandika tangu zamani kwamba kujifanya umeumia ni udanganyifu, lakini kwa muda mrefu hakikuweka adhabu ya uwanjani. Tangu msimu wa 2025 ipo: watabibu wakiingia kumhudumia mchezaji baada ya mpira kuwekwa tayari ili mchezo uendelee, timu yake inapoteza moja ya zile nafasi tatu za kusimamisha mchezo, na kama zimekwisha, inaadhibiwa yadi tano. Naona ni sheria ya watu waliokata tamaa ya kuujua ukweli, kwani haiulizi kama umeumia bali umelala saa ngapi. Aliyeumia kweli kwa kuchelewa analipa sawa na mwongo. Labda ni haki. Mwamuzi hawezi kwenda kumshika kila mtu kigimbi.

"Baba, upande gani?" aliuliza tena.

"Mbali na benchi lenu," nilisema, "ili wachelewe kufika." Lilitoka haraka kama lile la Ohio. Mama yake aliacha kukusanya vyombo akanitazama, nami nikajifanya natafuta kijiti cha meno.

Binti alikwenda kujaribu palepale, kwenye mkeka wa sebuleni. Alianguka vizuri, akashika goti la kulia, akagugumia kidogo, akajiinua polepole na kuanza kuchechemea kuelekea jikoni. Nikajikuta nimeinama pembeni ya meza, naangalia ni mguu upi.