Dola 48 kwenda Lecompton kuona chumba kimoja

Jamani teksi ya kutoka Lawrence mpaka Lecompton, huku Kansas, Marekani, imenikamua dola 48, kwenda tu, kilomita hazifiki hata 25, na ukishafika gari la kurudi hakuna. Dada Mkongo niliyefikia kwake Kansas City alinionya, kaka huko mashamba matupu, ila mi nilitaka kukiona chumba ambacho mwaka 1857 watu walikaa wakaandika katiba ya kuifanya Kansas jimbo la utumwa.

Kiko ghorofani, jengo la mbao, sakafu inalia ukikanyaga. Mzee mmoja anayepokea wageni akanisimulia jinsi wananchi walivyoipiga chini Agosti 1858, zaidi ya kura 11,000 za kuikataa. Nikafurahi, nikamuuliza na wale wapinga utumwa wa mji wa Topeka, walioandika katiba yao 1855? Akanyamaza kidogo. Kumbe siku ile ya Desemba walipoipigia kura katiba yao ya kukataza utumwa kulikuwa na swali la pembeni, watu weusi walio huru wazuiwe kuishi Kansas au la, na 1,287 wakasema wazuiwe, 453 tu ndo wakakataa. Yaani wengi wao hawakutaka mtumwa na mtu mweusi mwenyewe hawakumtaka, walitaka ardhi walime bila kushindana na matajiri wenye watumwa. Iliniuma, nikakaa kwenye benchi muda mrefu sana.

Katiba iliyokuja kupita ni ile iliyoandikwa mji wa Wyandotte, 1859, utumwa marufuku na weusi hawakufungiwa mlango, ila kura ikabaki ya wanaume wa Kizungu. Hiyo ndo waliyoingia nayo Marekani kama jimbo, 29 Januari 1861.

Nikawaza kwetu Unguja. Wageni tunawapeleka Mkunazini, tunawaambia soko la watumwa lilifungwa 1873, basi tunaishia hapo. Utumwa wenyewe sheria ilikuja kuuondoa 1897, na masuria wakaachwa nje mpaka 1909. Mama yake bibi yangu alikuwa suria, nyumbani wanasema tu "alikuwa mtu wa ndani", na mi nikiuliza zaidi bibi alikuwa ananituma dukani.

Nikamsimulia yule mzee. Alipofunga jengo akanirudisha Lawrence kwa gari lake, hela ya mafuta akakataa. Usiku nikampigia mama, nikamuuliza yule bibi wa ndani aliitwa nani. Akakaa kimya, halafu akasema ngoja nimuulize mjomba wako.