Kumbukumbu ya mradi: sponji chini ya nyuzi za besi

Jumamosi

Besi yangu inavuma kupita kiasi. Tukipiga zilipendwa mazoezini, noti niliyokwisha kuiacha bado inaning'inia wakati inayofuata imeshaingia, na zote mbili zinakorogana chini ya gitaa la ridhim. Mwezi mzima nimehangaika na vitufe vya amplifaya. Nikikata sauti za juu, besi inakuwa kama imefunikwa blanketi, lakini urefu wa noti uko palepale. Kitufe cha toni kinapunguza ukali tu, hakiwezi kuuambia uzi unyamaze. Basi nitashughulika na uzi wenyewe.

Sauti niliyonayo kichwani ni ya James Jamerson, yule mpigaji besi wa Motown, kampuni ya rekodi kule Detroit. Besi ya Fender Precision ya 1962, nyuzi bapa (zilizozungushiwa utepe bapa wa chuma) za La Bella ambazo hakuwa na habari ya kuzibadilisha hadi zikatike, kidole kimoja tu cha shahada, na kipande cha sponji chini ya kifuniko cha chuma cha briji, kile kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa. Hata Leo Fender mwenyewe, aliyeibuni besi hiyo, aliweka pedi ya kunyamazisha nyuzi ndani ya kifuniko hicho tangu kiwandani. Wapigaji wengi walikifungua kifuniko wakakitupa, na pedi ikaenda nacho. Carol Kaye, mpigaji besi wa studio kule Los Angeles, alitandika kitambaa kizito cha felti juu ya nyuzi karibu na briji, akapiga kwa piki, kile kibao kidogo cha kuchapia nyuzi. Njia mbili tofauti, na zote mbili naziheshimu sana. Mimi nitaanza na sponji.

Jumatatu

Nimepita kwa fundi makochi. "Shikamoo mzee, naomba mabaki ya sponji." Akanipa aina mbili bure: ngumu ya kukalia na laini ya mgongoni. Kutoka mwili wa gitaa hadi kwenye nyuzi, karibu na briji, nimepima milimita 14, kwa hiyo nimekata vipande vyenye unene wa milimita 20, urefu wa sentimita 7.

Ile ngumu imeua kila kitu. Umebaki mgoto mkavu, kama unagonga meza, na noti zimepanda juu ya sauti yake, maana sponji inausukuma uzi na kuukaza. Nimeitoa. Jambo la kushika hapa: tyuni kwanza, ndipo uingize sponji. Uzi wa E, ule mnene kuliko yote, hutetemeka mara 41 tu kwa sekunde, na tyuna yangu (kipimo cha sauti) haiwahi kuusoma mlio wake ukishafupishwa.

Jumanne usiku

Ile laini ni nzuri, ila nyuzi za pembeni, E na G, zimekufa huku za katikati, A na D, zikiendelea kuvuma. Nilibadilisha upande, nikageuza sponji juu chini, wapi! Mwishowe nikashusha jicho usawa wa mwili wa gitaa nikatazama kutokea kwenye briji. Nyuzi hazilali kwenye mstari mmoja. Zimepanda katikati na kushuka pembeni, kama mgongo wa mtumbwi uliopinduliwa. Sponji yenye uso wa bapa inazibana zile za pembeni na kuzigusa kidogo tu za katikati.

Nikachukua wembe nikaanza kunyoa ncha mbili, kidogo kidogo, nikipiga kila uzi baada ya kila mkato. Mkato wa nne ndio ulioniamsha kitini. E ikatoka nzima: mwanzo wake mnene, tumbo lake la mviringo, kisha ikazima yenyewe. Ule mlio wa chuma umeondoka. Sponji hunyonya kwanza mitetemo midogo ya haraka, na ule mkubwa wa chini unabaki. Nimeirudia noti hiyo hiyo moja karibu dakika kumi.

Mahali pa kuiweka nako kuna maana yake. Ikigusana na briji, noti inafupika kidogo tu. Ukiisogeza sentimita moja kuelekea pikapu (kinasa sauti cha gitaa), unapata lile "dum" la zamani. Zaidi ya hapo kwangu ni nyingi mno.

Alhamisi, mazoezi

Mzee wetu wa dramu alisimamisha wimbo katikati. "Mwanangu, leo naisikia kiki yangu," yaani ile dramu kubwa ya mguu. Miaka miwili tumepiga pamoja, na kumbe muda wote huo nilikuwa nimemkalia juu.

Ila rumba ya polepole imenishinda. Pale besi inatakiwa kuimba na kushikilia, na sponji hairuhusu. Nimeshona mkia wa utepe wa kitambaa pembeni ya sponji ili niivute kwa mkono mmoja kati ya nyimbo. Kuitoa ni rahisi. Kuirudisha bado kunanichukua muda, kwa hiyo nimeomba tuzipange rumba zote mwishoni.

Nyuzi bado ni za kawaida, za mduara, zilizozungushiwa waya wa duara. Za bapa nimeshaanza kuziwekea akiba. Zikifika zitakuwa na mkazo mwingine na huenda zikakaa kwa kimo kingine, kwa hiyo kipande cha pili cha sponji laini nimekihifadhi kabatini, hakijanyolewa.