Tiketi ya saa tisa alasiri: nilivyompeleka mama Beijing

Mama ni mzaliwa wa Malindi, na habari ya twiga aliyetoka kwao akapelekwa Uchina mwaka 1415 ameijua tangu utotoni. Nilipomwambia nimeweka akiba ya kututosha sote wawili kwa safari moja ya mbali, hakutaja Dubai wala Istanbul. "Nataka kwenda kwa huyo mfalme wa twiga," akasema. Mfalme huyo ni Yongle, na ndiye aliyejenga kasri la Beijing, Gugong kwa jina la wenyewe, lililokamilika mwaka 1420. Basi kasri likawa nguzo ya safari, mengine yote yakalifuata.

Likizo yangu ilikuwa wiki ya kwanza ya Oktoba. Nikashtuka kusoma kwamba Oktoba 1 ni sikukuu ya taifa lao, na wiki hiyo Wachina wenyewe husafiri kwa mamilioni. Nikambembeleza bosi, tukasogeza mpaka mwisho wa mwezi. Baridi yake si mchezo kwa mtu wa Mombasa, lakini heri sweta mbili kuliko kubanwa na umati.

Viza ilinipeleka Nairobi kwa SGR, mkononi faili la tiketi za ndege za kwenda na kurudi, hoteli na taarifa ya benki. Hoteli ya kwanza niliyoipenda, ya bei nafuu kichochoroni, ilijibu kwamba haipokei wageni wa kutoka nje. Jambo hili huwapata wengi, kwa hiyo uliza kabla hujalipa. Nikachukua nyingine yenye lifti, karibu na metro. Lifti haikuwa anasa; magoti ya mama yanauma.

Sasa tiketi ya kasri. Huwezi kununua miezi miwili mbele. Huuzwa siku saba kabla, kwa namba ya pasipoti, na mauzo hufunguliwa saa mbili usiku. Jumatatu kasri hufungwa. Nilitaka Jumanne. Nikakaa tayari nyumbani Mombasa saa mbili usiku, simu mkononi, chai pembeni. Zimekwisha! Nikailaumu intaneti, nikailaumu simu, kisha ndipo akili ikanijia: saa mbili usiku ya Beijing ni saa tisa alasiri kwetu. Nilikuwa nimechelewa saa tano nzima. Kesho yake, saa tisa kasoro dakika tano, nilijifungia stoo ya ofisini na pasipoti mbili. Nikapata mbili za Jumatano, yuan 60 kila moja. Ukuta Mkuu, niliokuwa nimeupangia Jumatano, ukarudi Jumanne. Bahati nzuri gari la kwenda huko nilikuwa sijalilipia.

Kwenye Ukuta nilichagua Mutianyu, kiasi cha kilomita 70 kutoka mjini, kwa sababu moja tu: kuna gari la kamba la kukupandisha mpaka juu. Badaling kuna treni ya kasi, lakini husongamana zaidi.

Pesa niliziunganisha kabla ya kuondoka. Niliweka Alipay kwenye simu, nikaingiza kadi yangu ya Visa na picha ya pasipoti. Ukishaizoea ni kama M-Pesa, tofauti ni kwamba unaskani. Malipo ya kwanza benki yangu iliyazuia ikidhani nimeibiwa, kwa hiyo wapigie uwaarifu unakwenda wapi. Noti kidogo za yuan pia nilibeba. WhatsApp na Google kule zimefungwa. Nilinunua laini ya eSIM ya kimataifa nikiwa bado nyumbani, na dada zangu wakapata picha zao kila jioni. Anwani ya hoteli niliichapisha kwa herufi za Kichina, na karatasi hiyo ilinisaidia kwa madereva wa teksi kuliko programu yoyote ya kutafsiri.

Chakula ndicho kilichomtia mama wasiwasi. Jumapili, siku ya pili baada ya kutua, nikampeleka Niujie, mtaa wa Waislamu wenye msikiti ulioanzishwa mwaka 996. Ukiutazama kwa nje waweza kudhani ni hekalu la Kichina. Hapo nikamfundisha herufi mbili, 清真, yaani halali. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akizitafuta kwenye vibao, na mara nyingi zilitufikisha kwenye tambi za nyama ya ng'ombe.

Jumatano tukaingia kasrini kwa lango la kusini. Ukishaingia, mwendo ni kuelekea kaskazini, ua baada ya ua, na viti vya kupumzikia si vingi. Kiti cha kukunja nilichobeba kilikuwa uamuzi bora kuliko yote. Tulitumia saa nne. Kilima cha Jingshan, ng'ambo ya barabara, nilikipanda peke yangu kuyaona yale mapaa ya manjano kutoka juu. Niliposhuka nilimkuta mama kwenye kiti chake, anamenya kiazi kitamu cha kuchoma alichonunua mwenyewe, kwa noti, bila neno moja la Kichina.