Nilivyonunua gari la spoti lililokuwa likijaribiwa na wateja

Nilipowaambia watu wangu kwamba natafuta Mazda MX-5, gari dogo la spoti lenye paa la turubai linalofunguka, ambayo duka lilikuwa likiwapa wateja kujaribia, ushauri wa bure ulinijia kutoka kila upande, na bei yake ndiyo iliyokuwa thamani yake. Mjomba wangu wa Mombasa, ambaye kwa miaka mingi ameuza magari yanayotoka Japani, alinitumia ujumbe mrefu wa sauti akinionya kwamba gari la majaribio limekanyagwa na kila mpita njia, na kwamba nianze kwa kukagua kutu chini ya bodi. Kwa gari la miezi sita, kutu lingekuwa jambo la mwisho kunihangaisha, lakini mjomba hakatizwi. Mfanyakazi mwenzangu hapa Leicester alisema kinyume chake: gari kama hilo ni jipya, nilipe nifumbe macho. Nimeandika haya kwa sababu wote wawili walizungumza kwa uhakika mkubwa, na hakuna hata mmoja wao aliyenielekeza kwenye mambo ambayo hatimaye yaliniamulia.

Hapa Uingereza namba mpya za usajili hutoka mara mbili kwa mwaka, tarehe 1 Machi na tarehe 1 Septemba, na umri wa gari unasomeka kwenye kibao chake. Gari lililosajiliwa Septemba 2023 lina tarakimu 73, yaani 23 ya mwaka ukijumlisha 50 ya Septemba. Vibao vya 24 vilipotoka Machi 2024, gari hilo lilizeeka machoni pa watu kwa usiku mmoja, ingawa halijaongeza hata maili. Duka nalo linahitaji gari la majaribio lenye kibao kipya, kwa hiyo la zamani linatafutiwa mtu wa kulichukua. Mimi nilianza kuzunguka katika nusu ya pili ya Machi, wakati wauzaji wanapofunga hesabu za robo ya mwaka na kila gari linalotoka mlangoni lina maana kwao. Anayekwenda Januari anajipunja mwenyewe.

Gari la kwanza lilikuwa jekundu, liking'aa, na lilikuwa limetembea chini ya maili elfu tatu. Muuzaji, kijana mchangamfu aliyeniita rafiki yake kabla hajalijua jina langu, alinionyesha kwa fahari kwamba matairi ya nyuma yalikuwa mapya kabisa, akaeleza kwamba duka limeamua kumfanyia mnunuzi hisani. Nilimshukuru, kisha nikapiga magoti kwenye vigae vyao na tochi ya simu mkononi. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne zinazoonyesha lilitengenezwa lini, mbili za kwanza zikiwa wiki na mbili za mwisho mwaka. Matairi ya mbele yaliandikwa 2323, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2023, jambo la kawaida kwa gari lililosajiliwa Septemba. Ya nyuma yaliandikwa 4823. Matairi hayo yalitoka kiwandani mwishoni mwa Novemba, wakati gari lenyewe lilikuwa limeshaingia barabarani!

MX-5 husukumwa na magurudumu ya nyuma na uzito wake unazidi tani moja kwa kidogo tu, hivyo anayeiendesha kistaarabu hawezi kumaliza matairi kabla ya kufika hata maili elfu tatu. Kulikuwa na mtu, au watu wengi kwa zamu, waliokuwa wakiyazungusha magurudumu yale mahali pamoja mpaka mpira unatoa moshi. Niliomba ufunguo nikatafuta kwenye dashibodi wastani wa mafuta, nikakuta gari halikufikisha hata maili 25 kwa galoni, ilhali gari la aina hii likiendeshwa kawaida hukaribia 40 bila taabu. Kijana alisema huenda lilikaa sana kwenye foleni. Nilimwuliza hiyo ni foleni gani inayokula matairi ya nyuma na kuyaacha ya mbele, akacheka, nami nikacheka, nikamrudishia ufunguo wake. Alinisindikiza hadi nje akipunguza bei kila baada ya hatua chache, na sitaficha kwamba nilitembea polepole makusudi.

La pili, la kijivu, lilikuwa katika duka jingine. Niliwapigia simu nikaomba lisiwashwe kabla sijafika, kwa sababu injini iliyopashwa moto huficha mengi. Nilipofika niliweka kiganja juu ya boneti, nikakuta ni ya moto. Niliambiwa lilisogezwa tu kutoka uani, nikajibu kwamba sina haraka, nikaaga. Asubuhi iliyofuata nilikuwa mlangoni kabla hawajafungua, na boneti ilikuwa baridi kabisa. Injini iliwaka mara moja, haikutoa moshi wala mlio wa kugonga, na gia ya pili, ambayo ndiyo hulalamika kwanza kwenye gari lililonyanyaswa, iliingia bila kukwaruza. Barabarani niliweka gia ya nne nikiwa katika mwendo mdogo, nikakanyaga mafuta yote. Injini ingekimbia mzunguko na gari libaki nyuma, ningejua klachi imekwisha. Haikuwa hivyo. Turubai la juu nililifungua na kulifunga kwa mkono, nikaangalia mishono yake.

Kilichonipendeza kuliko vyote kilikuwa kwenye skrini. Watu hukagua rangi na viti, lakini hawafungui orodha ya simu zilizounganishwa na gari kwa Bluetooth. Humo nilikuta simu moja tu, na kumbukumbu ya ramani ilionyesha safari za kwenda na kurudi mahali pale pale. Nilimwuliza muuzaji kwa upole nani anaishi huko, akageuka kumtazama meneja wake, na meneja akasema kwa aibu kidogo kwamba ndilo alilokuwa akienda nalo nyumbani. Yeye alidhani ameniharibia, kumbe hiyo ndiyo habari niliyokuwa naiomba. Sehemu kubwa ya maili zile ilikuwa ya dereva mmoja, kwenye barabara kuu, injini ikiwa imepata moto ipasavyo.

Kwa kuwa hapa tunaendesha upande wa kushoto, rimu za kushoto ndizo zinazosugua kingo za barabara, na zote mbili zilikuwa na mikwaruzo. Sikuinung'unikia bei hapo hapo. Kwanza niliwakumbusha kwamba waranti ya miaka mitatu ya mtengenezaji ilianza kuhesabiwa siku gari liliposajiliwa, hivyo nusu mwaka ulikuwa umeshapotea kabla yangu, na kwamba kwenye kitabu cha gari ningeandikwa mmiliki wa pili, jambo ambalo na mimi nitaulizwa siku nikiliuza. Hapo ndipo nikazionyesha rimu. Bei ya jipya ilikuwa paundi elfu thelathini na kitu; walishuka elfu nne na ushei, wakazitengeneza rimu, wakaongeza mwaka mmoja wa waranti kwa gharama yao. Kupunguza zaidi walikataa, na nadhani walikuwa na haki. Mwenzangu anasema ningepata elfu sita, lakini yeye gari lake alinunua kwa bei ya kibandikoni.

Anayefikiri gari la aina hii halina ulinzi wa sheria asisikilizwe: sheria ya haki za mlaji ya mwaka 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kulirudisha gari lenye kasoro na kudai fedha zake, liwe jipya au lililotumika, mradi amelinunua kwa mfanyabiashara. Nilihakikisha funguo zote mbili zipo, nikafuta simu ya meneja na safari zake kwenye skrini ya gari. Kodi ya barabara haihami pamoja na gari, kwa hiyo niliilipa kwenye simu nikiwa nimesimama pale dukani, muuzaji akinishikia kikombe cha chai, ndipo nikaondoka nalo.