Simu Saba Mezani

Jumamosi usiku, watoto wamelala, mimi na mke wangu tukakaa kuangalia filamu ya Kiitaliano niliyopewa kwenye flashi: Perfetti sconosciuti, ya mwaka 2016, ya mwongozaji Paolo Genovese. Marafiki saba wanakula pamoja mjini Roma, usiku wa kupatwa kwa mwezi. Mama mwenye nyumba, mtaalamu wa saikolojia, anazua mchezo. Simu zote mezani, kila meseji isomwe kwa sauti, kila anayepiga apokelewe kwa spika. Kwani kuna mwenye la kuficha hapa?

Jamani.

Lele, baba wa familia, kila usiku saa nne hutumiwa picha na mwanamke asiye mkewe. Anambembeleza Peppe, mwenye simu ya aina ileile, wabadilishane. Nilicheka mpaka nikapaliwa na karanga. Picha inaingia, Peppe anataniwa, mambo yanapita. Halafu kwenye ile simu ya Peppe, ambayo sasa iko mbele ya Lele, zinaanza kuingia meseji za mwanamume anayempenda. Meza nzima inaamini ni mpenzi wa Lele.

Hapo kicheko kiliniisha. Akisema ukweli atajinasua, lakini atamwanika Peppe. Anakaa kimya, anakula matusi ya mkewe na ya rafiki zake wa tangu utotoni, na Peppe yuko palepale anasikia watakavyomfanya siku wakijua. Nusu ya kimya kile ni woga wa ile picha, najua. Lakini ile nusu nyingine? Mpaka leo sijui huyu bwana nimweke kapu gani.

Luku nayo ikachagua wakati huohuo kuisha. Giza totoro.

Simu yangu haikuwa na hela, ya mke wangu ilikuwa nazo.

"Lete ninunue," nikasema.

"Nenda kwenye mita, nitakusomea."

Nikasimama ukutani na tochi, nabonyeza, yeye anasoma kutoka kwenye kochi. Tokeni ina tarakimu 20. Kama kwenye ya kumi na mbili hivi simu yake ikatetema, akanyamaza.

"Endelea."

"Nilifika wapi?"

Nikaanza upya.

Umeme uliporudi tulikaa mbalimbali kidogo, kila mtu na mto wake. Filamu inaishia pabaya kuliko ugomvi wote ule: inatuonyesha usiku huohuo kama mchezo usingechezwa. Wanaagana kwa mabusu, wanapanda magari yao. Yule aliyempa mke wa mwenzake hereni anaondoka na bibi harusi wake. Wote wanapendeza.

"Afadhali," mke wangu akasema.

Sikumuuliza afadhali nini. Akachukua simu yake, akaenda kuichomeka kwenye chaji, ule upande wake wa kitanda.