Gari Linalia "Tik-tik" Lakini Haliwaki

Leo asubuhi gari langu lilikataa kuwaka: kila nilipozungusha ufunguo, nilisikia "tik-tik-tik" ya haraka huku taa za dashibodi zikififia. Jirani alinishauri ninunue stata mpya (mota inayozungusha injini ili iwake), lakini nilipima betri kwanza, nikakuta volti 12.5, chaji ya kutosha kabisa. Kumbe terminali hasi ya betri (kibanio cha waya upande wa alama ya kutoa) ilikuwa imefunikwa na unga mweupe wenye ukijani, nayo ilicheza nilipoigusa kwa kidole. Niliifungua kwa spana namba 10, nikaisugua kwa msasa hadi madini yake ya risasi yakang'aa, nikaikaza, na gari likawaka mara moja. Mlio wa haraka namna hiyo aghalabu huonyesha kwamba stata haipati umeme wa kutosha. "Tak" moja nzito, taa zikiwa angavu, ndiyo hunifanya niishuku stata yenyewe.