Mdundo wa Pili

Kwa mtu aliyekulia kwenye netiboli, jambo gumu kuliko yote katika kandanda ya Australia si kuangushwa chini, bali ni kukimbia na mpira mkononi bila kujihisi mwizi. Netiboli niliicheza utotoni katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, Tanzania, ambako familia yetu iliishi baada ya kuvuka Ziwa Tanganyika tukitokea Fizi, Kongo, na mwalimu aliyetufundisha alikuwa na amri moja isiyo na mjadala: ukishadaka, miguu itulie, ukiongeza hatua filimbi inalia. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanamke mzima mjini Adelaide, mwili wangu ulikuwa bado unamtii mwalimu yule. Nilikuwa nadaka mpira vizuri, pengine kuliko wengi katika timu yetu, halafu nasimama, huku wenzangu wakinipigia kelele nikimbie.

Huo ulikuwa msimu wa mwaka 2019. Ligi ya wanawake ya jimbo la Australia Kusini ilikuwa bado changa mno, kwani ile ya wanaume ilianzishwa mwaka 1877, na wanawake walingoja hadi mwaka 2017 ndipo wakapata ya kwao, ikianza na timu 4 tu. Mwaka huo wa 2019 zilitimia timu 8, nami nikasajiliwa katika mojawapo. Mpira haukuwa kazi ya kutulisha. Nahodha wetu alikuwa muuguzi wa zamu za usiku, beki wetu mmoja alikuwa fundi umeme, na mimi nilikuwa nikihudumia wakongwe katika kituo cha kulelea wazee, kwa hiyo Jumanne na Alhamisi tulifika mazoezini kila mmoja na uchovu wake, wengine wakiwa bado na sare za kazini.

Nieleze kidogo mchezo wenyewe, maana nilipokuwa nikiwasimulia ndugu zangu kwa simu walidhani nacheza raga. Uwanja una umbo la yai, na kila upande una milingoti minne isiyo na mtambaapanya wala nyavu. Ukiupitisha mpira kwa mguu katikati ya milingoti miwili mirefu, unapata pointi 6. Ukipita pembeni yake, kabla ya ile mifupi, unapata pointi 1. Kurusha mpira ni marufuku. Ukitaka kumpa mwenzako kwa mkono, unauweka juu ya kiganja kimoja na kuupiga kwa ngumi ya mkono wa pili. Kukimbia nao unaruhusiwa, lakini kila baada ya mita 15 ni lazima uudundishe au uuguse chini.

Hapo kwenye kudundisha ndipo penye elimu. Mpira ule una ncha mbili, na haurudi mkononi kwa hiari. Unausukuma mbele yako huku ncha ya chini ikitangulia na ile ya juu ikikuegemea wewe, nao ukigonga ardhi kwa ncha ile, unakurudia kifuani ukiwa bado mbioni. Ukigonga kwa tumbo, unakwenda unakotaka wenyewe. Nilijizoeza peke yangu kwenye maegesho ya magari nyuma ya nyumba zetu, jioni baada ya jioni, hadi mdundo wa kwanza ukawa haunisumbui tena. Mdundo wa pili ndio uliokuwa mtihani, kwa sababu kufikia hapo kasi imeongezeka na nyuma yako unasikia viatu vya mtu.

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili, na mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Mama na mama mdogo walikuja kunitazama kwa mara ya kwanza, wakaketi kando ya uzio wamejifunga vitenge juu ya makoti. Tulikuwa katika robo ya nne na ya mwisho ya mchezo, tukiongoza kwa pointi 4, zikiwa zimebaki dakika chache. Mpira mrefu uliopigwa na wapinzani ulikuja upande wangu, nikaruka, nikaudaka. Mbele yangu palikuwa wazi kabisa, na kwa mara ya kwanza msimu ule miguu haikuniuliza. Nilikimbia. Nilidundisha mara moja, mpira ukarudi mkononi kana kwamba umefungwa kamba, nikasikia sauti ya mama mdogo ikipanda juu ya sauti zote. Nilidundisha mara ya pili. Uligonga majani yaliyolowa kwa tumbo, ukateleza kushoto, na binti wa timu pinzani akauokota bila hata kuinama sana. Aliupiga mbele, mwenzake akaudaka, akafunga. Mwamuzi wa goli akasimama katikati ya milingoti, akapunga bendera zake mbili. Tukashindwa kwa pointi 2.

Mimi nilikuwa nimesimama palepale mpira uliponitoka, mikono magotini, nikilitazama benchi nikingoja kuitwa nje. Tulikokulia, kosa moja lilikuwa na gharama: ukipoteza kadi ya mgao, nyumba nzima inalala na njaa, na mama alikuwa akituambia kwamba mgeni hana akiba ya makosa. Nililibeba neno lile hadi uwanjani. Lakini hakuna aliyeniita. Nahodha alinijia mbio kabla mchezo haujaanza tena, akanikamata jezi begani, akasema kwa sauti ya chini, “Ukiupata tena, kimbia tena,” kisha akarudi nafasini kwake.

Katika gari, tukirudi nyumbani, nilitegemea mama angelalamikia kuangushwa, kwa kuwa mechi nzima alikuwa akimuuliza mdogo wake kwa nini mwamuzi anatazama tu watoto wa watu wakivutwa chini. Alikaa kimya hadi kwenye taa za barabarani, ndipo akaniuliza, “Sasa, mama, mpira ulipokutoka, mbona ulisimama? Wenzako wote walikuwa wakiukimbilia. Ulikuwa karibu kuliko wao.”

Sikuwa na jibu. Mama hakujua sheria hata moja ya mchezo ule, lakini aliliona kosa langu halisi ambalo mimi mwenyewe sikuliona.

Jumanne iliyofuata nahodha alibaki nami uwanjani wengine walipoondoka. Alinishika kifundo cha mkono, akanionyesha jinsi ya kuelekeza vidole ili ncha isilale, tukaenda na kurudi chini ya taa moja iliyoachwa ikiwaka, viganja vyetu vimejaa tope. Tukiwa tunapumzika nilimwomba radhi kwa mechi ile, naye akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kulisema. Wiki chache kabla, tarehe 31 Machi, tulikuwa tumekwenda timu nzima kwenye uwanja wa Adelaide Oval kutazama fainali ya ligi ya taifa ya wanawake, tukawa miongoni mwa watu 53,034. Adelaide waliifunga Carlton pointi 63 kwa 18, lakini Erin Phillips, nyota wa Adelaide, aliumia goti katika robo ya tatu, na alipotolewa kwa machela, mashabiki wa pande zote walimpigia makofi. Nahodha wetu alilia siku ile, nami nikadhani analilia goti. Kumbe Phillips alikuwa ameuacha mchezo huu akiwa msichana mdogo kwa kuwa hakuruhusiwa kuendelea kucheza na wavulana, akaenda kwenye mpira wa kikapu hadi akafika Olimpiki, na nahodha wetu naye alizuiwa hivyohivyo akiwa na miaka 13. Karibu na kwao hapakuwa na timu ya wasichana, wala yeye hakuwa na mchezo mwingine wa kukimbilia. Alikaa miaka kumi na mitano bila kugusa mpira. “Sikurudi uwanjani,” aliniambia, “ili nimwone mtu mwenye miguu kama yako amesimama.”

Katika mechi iliyofuata niliupata mpira upande uleule wa uwanja. Nilikimbia, nikadundisha, ukarudi. Nikadundisha tena, ukanitoka tena, safari hii kulia, ukielekea mstari wa pembeni. Niliufuata. Nilimtangulia mpinzani kwa hatua moja, nikauinua kwa kiganja kilichojaa majani, nikaupiga ngumi kwa nahodha kabla bega la yule binti halijanifikia, na nilipokuwa chini, uso kwenye nyasi, nilisikia kiatu cha nahodha kikiugonga mpira.